Popo wa Mkungu wa Mpakani

Jumapili, 4 Februari

Vita! Jirani yangu Hashil, mwenye duka, anataka mti wa mkungu ulio mpakani mwetu ukatwe. Kisa? Popo. Wamemchafulia ukuta mweupe. Nikamwambia rangi hununuliwa, kivuli hakinunuliwi. Akasema, Mama Brightson, mnyama anayekula kwa mdomo na kunya kwa mdomo huohuo, unamtetea wewe na vitabu vyako vyote?

Mdomo huohuo! Mtu mzima, ana wajukuu!

Na majike wananyonyesha sasa hivi. Nimewaona kwa darubini – vitoto vimeganda vifuani. Mti ukianguka, vinaanguka nao. Kikao kwa mjumbe wa shina, keshokutwa.

Jumanne, 6 Februari

Nimeshinda! Nilikwenda na sahani ya vile vidonge vikavu ambavyo Hashil anaviita mavi. Nikakifikicha kimoja mbele ya Mjumbe Bakari – nyuzi tupu za tunda la kungu. Nikauliza: nyie mkitafuna muwa mkatema makapi, mmekunya kwa mdomo? Watu hoi! Apolonia, muuza maandazi wetu, aligongagonga benchi kwa kicheko.

Wakasema ni kipofu? Nikasema popo huyu anaona vizuri kuliko mjumbe. (Mjumbe hakucheka.) Mchawi? Mchawi gani anazaa kitoto kimoja, akakibeba kifuani na kukinyonyesha?

Hashil akang'ang'ana: haya, wana faida gani? Nami moto umeshawaka, nikafyatua: wanakula mbu! Kwa maelfu! Mjumbe akapiga meza. Mtaa wetu huu wa Madale, na mbu wale! Mkungu umepona.

Jumatano, 7 Februari

Bado nacheka peke yangu jikoni.

Alhamisi, 8 Februari

Mungu wangu. Nimefungua kitabu kutafuta sentensi ya kumkomoa zaidi Hashil, ikanikomoa mimi. Wanaokula mbu ni popo wadogo, wale wa darini, wanaowinda kwa mwangwi wa sauti zao. Hawa wa mkungu ni wala matunda. Mbu hawawahusu! Hunywa maji ya tunda, hutema kapi, huangusha mbegu mbali na mti mama. Huenda hata mkungu huu walioupanda ni wao – mie sikuupanda, Hashil hakuupanda. Faida nzuri, ya kweli! Ningeisema hiyo. Nikasema mbu.

Nyamaza tu, nimejiambia. Vitoto vikisharuka, utasahihisha.

Ijumaa, 9 Februari

Asubuhi nimepita kwa Apolonia. Neti ya mjukuu wake imefunika tuta la mchicha, kuku wasiparue. Nikaduwaa. Akaniambia kwa raha zake: si umesema mwenyewe popo wanatumalizia mbu?

Miaka ishirini nawapiga vita wajinga. Leo ujinga una sahihi yangu.

Nikamwambia ukweli palepale. Aliing'oa neti, akaitia kwenye beseni, akaanza kuifua kama anayemfua mtu. Nikaenda kwa mjumbe. Akasema basi, iamuliwe upya kwa kura, kesho saa kumi jioni.

Jumamosi, 10 Februari

Fundi wa msumeno kaja na mashine yake, kaiegemeza kwenye shina. Nimesema yote uwanjani: nilikosea, mbu hapana, mbegu ndiyo. Na tungoje japo vitoto viruke! Hashil akauliza kwa upole – upole wake ndio sumu – na lile la muwa nalo ulilitunga? Kicheko! Sasa hata ukweli wangu unanuka uongo. Nikamwambia tafuna kungu mwenyewe uone utatema nini!

Mjumbe kasema sie wawili tusipige kura, tukae kando. Hashil yuko barazani kwake. Mie niko ndani, naandika nimesimama dirishani. Wa kukata: sita. Nimehesabu mara mbili. Wa kuacha: wanne – watano – sita! Sita!

Aliyebaki ni Apolonia. Mikono kaibana kwapani. Mjumbe anamwita kwa jina. Yeye anageuka huku kwangu, ananitazama –