Bega la Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi
Alfajiri, nyuma ya nyumba, hapa mtaani Kiwanjani. Taichi, yale mazoezi ya Kichina ya pole pole, raundi mbili. Mkono wa kulia umekataa kupita sikio. Wiki ya tatu sasa. Nimemaliza kwa kuuma meno.

Jumatano, 6 Machi
Ofisini kwa kaunti nimeshindwa kufikia faili ya juu. Karani mwenzangu akanishushia akicheka. Nimemchukia mchana kutwa. Huu mkono ukikufa, darasa langu limekufa, na katika huu mji sina kingine cha kuita changu.

Jumamosi, 9 Machi
Darasa, watu saba. Zoezi la kusukumana: mmegusana mikono, unasikiliza mwenzako anaelekea wapi. Guyo muuza mbuzi, ambaye mikono yake ilikuwa mbao tupu, amenisukuma. Mara tatu. Mimi niliyefundishwa na fundi Mchina wa barabara, enzi lami inawekwa kupita Ngaremara!

Nikauliza ametoa wapi hii. Kwa mke wake, Mama Qabale, mkandaji. Huyo mama hagusi mwanamume wa nje. Wanaume wakija anakaa nyuma ya pazia anaelekeza, Guyo ndiye anakanda, na mafuta ya mkia wa kondoo. Miezi miwili sasa.

"Mikono imejua kusikia, mwalimu."

Nilichomeka roho kwa wivu. Nikasema mbele ya wote kwamba kukandwa ni uvivu, dawa ya mwili iko ndani ya mwili, na anayetaka kupakwa mafuta asirudi kwangu. Guyo akachukua viatu vyake. Wengine wawili wakamfuata.

Waende.

Jumapili, 10 Machi
Nimeshindwa kuvaa shati. Kanisani sikuenda. Mjinga mimi.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeenda kwa Guyo. Hasira njia yote. Salaam aleikum yangu ilitoka kama matusi. Guyo akanilaza juu ya ngozi, akaanza kukanda bega.

Sauti ya mama nyuma ya pazia: "Wacha bega. Ingia chini ya kwapa, pole pole." Guyo akasema hapo ni jiwe. "Mwambie aachilie."

Ati niachilie! Neno langu hilo. Kila Jumamosi nawaimbia watu. Nilitaka kuamka niende zangu, na hapo ndipo nikajishika: meno yameumana, tumbo limekazwa, hata vidole vya miguu. Miaka yote nafundisha kulegea na mwili wangu ni ngumi.

Nimelia. Si uchungu wa bega, ni hasira, na ilikuwa yangu mwenyewe.  Nikaondoka bila kuomba samahani.

Jumamosi, 16 Machi
Raundi moja. Mkono umepita sikio kidogo. Shati bado linanuka kondoo.

Watu wanne darasani. Nimewaambia nilikosea. Guyo amekuja amechelewa, amevua viatu, amesimama nyuma kabisa. Nimemwita mbele, nikamwomba msamaha wote wakisikia. Halafu tukafanya kusukumana. Nikampa mkono ule mbaya.

Hakusukuma. Aliushika tu, akausikiliza.