Vidonge Ulivyogawana na Mama Tumaini

Shikamoo, Mama. Sitasubiri uitikie.

Nianze na lile ambalo sijamwambia mtu, hata Baba, hata mchungaji aliponishika mkono kaburini akaniomba niseme lililo moyoni. Hukuwa unameza vidonge vyako vyote. Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza kama ninavyonyamaza kila mahali.

Na moyoni hamkuwa na lolote, Mama. Hilo nalo sijalisema. Siku tuliyokuzika Makambako upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la barabarani, wanawake wanalia, mimi natazama kiatu cha mchungaji, kamba imefunguka. Tangu siku ile nipo hivyo. Nikiguswa najua nimeguswa, basi.

Sasa nimelala katika wodi yako ya kifua kikuu, huku juu ng'ambo ya Njombe. Kitanda chako amepewa mama mmoja wa Kipangwa, mpole, anakoroma. Mimi niko jirani yake. Nilianza kukohoa shuleni, wakanipandisha lori lililotoka kupeleka magome ya miti ya miwati kiwandani, na dereva hakutaka nikae naye mbele.

Unakumbuka Daktari alivyowakusanya barazani? Ilikuwa likizo, nimekuja kukuuguza. Kwa kuwa nasoma Kiingereza, wakanisimamisha katikati nigeuze maneno yake kwa Kiswahili, kisha Nesi Rehema ayageuze kwa Kibena kwa wasiosikia Kiswahili. Nikawa nasokota pindo la gauni. Mama Tumaini, aliyelala mkabala na wewe, akasema, "Sema mtoto, hatujaja kukuposa." Mkacheka wote mpaka mkakohoa.

Daktari alisema dawa ile imetoka katika maabara za Ulaya. Wadudu wa ugonjwa wamekufa ndani ya vioo, wakafa ndani ya vinyama kama panya wasio na mkia, na sasa inatakiwa ijulikane kama watakufa ndani ya mtu. Upande mmoja wa wodi utapewa vidonge. Upande wa pili utapumzika na kunywa maziwa, kama zamani. Ndipo watalinganishwa. Majina yangechomolewa kwenye karatasi, asipendelewe mtu.

"Haya," akasema Mama Tumaini, "panya amepona, zamu ya shemeji zake."

Wewe hukucheka. Uliuliza kitu kimoja tu: wale wa upande wa pili, wakiona wenzao wanameza, wao wafanye nini? Nikamuuliza Daktari. Nikakugeukia nikasema, wasubiri. Ulinitazama kana kwamba nimetukana.

Ningepaswa kujua hapo hapo. Nyumbani kwetu hata kiazi cha mwisho hukatwa jirani akiingia. Ulinichapa mara moja tu maishani, nilipokula njegere nimempa mgongo mtoto wa watu.

Jina lako likatoka upande wa vidonge, la Mama Tumaini likatoka upande wa maziwa. Yeye alikuwa ameacha mtoto anayenyonya, Tumaini mwenyewe, kwa bibi yake, kule Makete. Basi kidonge kikawa kinakaa shavuni mwako mpaka Nesi apite, kisha kinaingia kwenye pindo la khanga. Nilipokushika mkono ukiwa pindoni hukushtuka. Ulisema, "Leo changu, kesho chake. Nikimeza huku ananitazama, kitanishuka vipi?"

Wala hukuwa peke yako. Mstari mzima mlikuwa hivyo, kila mmoja na mwenzake wa ng'ambo. Kama ugali wa msibani, nani ale asimpe wa pembeni?

Na kwanza ilionekana vizuri. Ulinenepa mashavu. Ukungu ukiinuka mlitoka juani, wewe na Mama Tumaini, mkawa mnanisuka wawili, huyu kulia, huyu kushoto, mnabishana nani ana mkono mwepesi. Kichwa changu kilikuwa kinavutwa huku na huku na nilikuwa na furaha. Nakumbuka kwamba ilikuwa furaha. Naikumbuka kama jina la mtu.

Halafu nafuu yenu ikasimama palepale. Bwana wa darubini akawa bado anaona wadudu katika vikopo vyenu vya makohozi, vya pande zote mbili. Mvua zikaanza, ukafa.

Nilipoletwa hapa jina langu nalo lilitoka upande wa vidonge. Nimevimeza vyote, Mama. Mama wa Kipangwa yuko upande huu huu, lakini ng'ambo wapo wanaonitazama. Kinashuka. Hakuna kinachokwama. Nangoja aibu, haiji.

Wiki hii bwana wa darubini alisema kikopo changu hakina kitu. Daktari akasema ni ujana, mwili wenyewe umepigana. Kisha alisimama kati ya vitanda na daktari mgeni, wakazungumza kwa Kiingereza. Watu husahau kwamba nina masikio. Alisema waliomeza na wasiomeza wamekuwa sawasawa, vidonge havifanyi kazi, na mwezi ukiisha makasha yatarudishwa yalikotoka. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

Dawa haikushindwa, Mama. Hakuna aliyeimeza ikatimia, ila mimi.

Nilimweleza Mama Tumaini. Bado yupo, mikono imekonda, utani umebaki. Alisema, "Ukisema, tutafukuzwa sote. Na mama yako ataitwa mwongo, naye hayupo ajitetee." Nikasema sawa. Nilikuwa nimekwisha kugeuka niliposikia, "Shemeji yangu alipita juzi. Tumaini ameanza kukohoa."

Akageukia ukutani. Hakuniambia nifanye nini.

Tangu hapo nawaza jambo moja. Makasha yakienda, yule mtoto atakuja kulala hapa apewe maziwa na blanketi. Nisiposema, yataondoka. Nikisema, watakutaja vibaya katika kila wodi, wewe uliyenyima mwili wako ili koo la mwenzako lisikauke. Nesi Rehema anatufundisha kwamba mdudu akipigwa nusu huinuka mkali zaidi. Nimejaribu kukukasirikia. Nimejaribu kukusifu. Vyote vinapita kama maji kwenye jani la myugwa. Lakini nimeona kwamba mtu anaweza kusema kweli hata kama hasikii kitu. Mdomo hauhitaji ruhusa ya moyo.

Viatu vya Daktari vinakuja barazani, na nyuma yake zile kandambili za Nesi. Kila nikivisikia husukuma karatasi hii chini ya godoro. Leo nimeiacha juu ya blanketi, nawe unaona jinsi mwandiko unavyokimbia. Mama Tumaini amegeuka, ananitazama.

Wamefika mlangoni. Nitasema kwa Kiingereza, kisha nitarudia kwa Kiswahili, ili wote wasikie nimesema nini juu yako.

Pumzika, mama yangu. Nikikuita mwongo mbele yao, ujue namkatia mtoto wa Mama Tumaini kipande chake.

Ni mimi, mwanao wa mwisho