Propela ya Baba Mkubwa

Dada yangu mpendwa Editha,

Shikamoo. Kabla hujaendelea na mstari wa pili nakuomba, kama uko wodini na wenzako au umekaa na shemeji Benjamin, ikunje barua hii uiweke mfukoni mpaka uwe peke yako. Na ukishaisoma, neno hata moja lisitoke. Shemeji usimwambie, maana akikutana na Baba Mkubwa hawezi kuficha kitu usoni. Padri usimwambie. Mama ndiye usimwambie kabisa, na nitakueleza kwa nini. Umeona sijaandika juu mahali nilipo. Sijasahau adabu ya kuandika barua, ila naogopa.

U mzima, dada? Mtoto anaendeleaje, amezoea baridi ya huko Kilimatinde? Mama anasema ana paji la uso la marehemu baba. Na ile miguu yako iliyovimba ulipojifungua, imerudi kawaida? Mimi mwili hauumwi, ila chakula hakipiti kooni. Mama ni mzima kabisa. Ana furaha ambayo sijaiona kwake tangu tumzike baba, na furaha hiyo ndiyo inayonitesa.

Unajua jinsi Baba Mkubwa Ezekieli alivyoinunua ile ndege ya viti vinne kwa mzungu wa madini aliyekuwa anarudi kwao, akajifunza kuirusha na mvi zake kichwani. Watu wa mjini Singida walicheka, baadaye wakazoea. Usichojua ni kwamba kazi yangu ya ukarani haikuishia kwenye kinu chake cha alizeti. Vitabu vya ndege pia nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa Baba Mkubwa anasema Kiingereza cha kwenye redio anakiweza lakini cha vitabu kinamuuma kichwa. Nimevisoma vyote. Wakati mwingine natamani nisingeenda shule.

Wewe na Mama mliambiwa kwamba propela iliharibika kwa kugonga korongo angani. Sivyo. Mvua za mwezi wa tatu alikwenda kuangalia mashamba Kintinku. Alitua salama, ila gurudumu la mbele likazama kwenye tope jeusi. Watu wa pale, kwa ukarimu wao, wakaja na maksai wa kulimia na mnyororo wa plau, wakamwuliza wafunge wapi. Baba Mkubwa amekulia nyuma ya plau kama baba yetu. Akawaambia wafunge puani, kama inavyofungwa kila kitu cha kuvutwa. Basi wakazungusha mnyororo kwenye mapanga ya propela, mtu akapiga mluzi, maksai wakainamisha shingo, ndege ikatoka. Dereva wake wa kinu ndiye aliyenisimulia. Anasema vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya reli, na ndipo walipoona panga moja limejikunja kwenda mbele kama sikio la ng'ombe aliyeitwa jina lake. Baba Mkubwa akawaambia wote waliokuwepo kwamba ni korongo. Wakaitikia kuwa ni korongo.

Ndege ilirudi mjini juu ya lori, mabawa yamefunguliwa. Akaitwa fundi Gaspari kutoka Arusha, mtu mwenye leseni ya ndege. Akaipaka propela dawa nyekundu, akaifuta, akaipaka nyingine nyeupe, tukangoja. Karibu na kitovu, pale mnyororo ulipokaza, ukajitokeza mstari mwekundu mwembamba kama unywele. Ulikuwa ufa. Akanieleza mimi, maana ndiye niliyekuwa nauliza, kwamba aluminiamu ni kama mkono wa sufuria. Ukiupinda ukaunyoosha, kwa macho utauona mzima, lakini ndani umeshachoka, na siku ukiwa umebeba uji wa moto ndiyo siku utakayokatika. Nikamwuliza ikiwa panga litakatika angani inakuwaje. Akasema injini hutikisika mpaka ikang'oka kwenye vishikio vyake, na hapo rubani hana tena la kufanya. Akaufunga mkoba wake, akasema jina lake lisiandikwe popote kwenye propela ile.

Baba Mkubwa akaniambia nitafute nyingine, nichague mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Dada, nilifurahi kuaminiwa. Nilipiga simu, niliandika, nilisoma mpaka macho yakawasha. Propela haichaguliwi kwa kuona kama matundu yake yanaingia. Lazima iwe ile iliyokubaliwa kwa injini hiyo na ndege hiyo, kwa urefu wake na kwa jinsi mapanga yake yanavyolala kukata hewa. Mpya ilipatikana kwa kuagiza ng'ambo, lakini ingefika baada ya mavuno. Nyingine ilikuwa Arusha. Imetumika, imekaguliwa, ina hati zake zote. Hiyo mapanga yake yamelazwa ili ipande haraka, haikimbii sana ikiwa angani. Kwa Singida yetu iliyo juu, penye hewa nyepesi na viwanja vifupi, ndiyo iliyofaa. Nikaichagua hiyo.

Nilipompelekea habari alikuwa anakula. Akaniuliza kama mwendo utapungua. Nikasema kidogo, baba. Akaacha kutafuna, akaniuliza kama nataka akiwa angani bodaboda ya Ikungi impite chini yake ikimpigia honi. Wote waliokuwa mezani wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu akaniuliza nikinunua maksai mnadani natazama nini. Nikasema shingo na miguu. Akasema vizuri, humwombi cheti cha kuzaliwa. Akasema fundi wa Arusha ana maneno mengi kuliko spana, na kwamba Calist angeshughulikia.

Calist unamfahamu, ndiye anayetengeneza mashine za kinu. Ni hodari kwa mashine za kukamua mafuta, simnyimi haki yake. Akaondoka na gari la kinu kwenda Dodoma. Siku aliyorudi alikuwa amebeba kitu kimeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Kikafunuliwa bandani mbele yetu: propela nyeusi inayong'aa, ncha zake za manjano. Akasema ameipata kwa mtu aliyevunja ndege yake.

Ilikuwa Jumapili iliyopita baada ya misa. Mama alikuwepo, na wanakwaya wenzake watatu aliowaleta waone. Hapa ndipo nikueleze habari ya Mama. Baba Mkubwa amemwahidi kumpeleka kwa ndege kwenye ubatizo wa mwanao Jumapili hii, atue kwenye kile kiwanja cha zamani cha misheni, na wewe umsubiri pale na mtoto. Mama ameshona kitenge kipya. Ametangaza jumuiya nzima. Amenunua jogoo wa kukuletea, na juzi aliniuliza kama jogoo akiwa angani atawika au ataogopa. Wenzake wanamwita Mama Rubani na anaitika. Nilijaribu kumwambia kwamba basi la Manyoni ni zuri, lina viti vya kulala. Akaniambia basi ameshapanda miaka hamsini na halijawahi kumpeleka karibu na mbingu hata siku moja. Nikajaribu tena, nikagusia kwamba propela haiaminiki. Akacheka, na jioni akamsimulia Baba Mkubwa jinsi kijana wake alivyo mwoga wa feni. Ndiyo maana nasema usimwambie. Hafichi, kwa kuwa haoni cha kuficha. Kwake Baba Mkubwa ndiye aliyetusomesha sote wawili baba alipofariki, wewe uuguzi na mimi uhasibu, na mtu wa namna hiyo hawezi kumpandisha kwenye kitu kibaya.

Sasa, dada, niliyoyaficha ni haya.

Pale bandani niliinama kuitazama propela, nikapitisha kiganja changu juu ya rangi. Karibu na kitovu kiganja kilikuta vibonyo vilivyofuatana, vimefunikwa rangi nene lakini vipo. Ni alama za pingili za mnyororo. Haikutoka kwa mtu yeyote wa Dodoma. Ni ileile yetu, imenyooshwa na kupakwa rangi.

Nilipoinua macho, Baba Mkubwa alikuwa ananitazama. Akasogea, mkono wake ukapita palepale wangu ulipopita, ukasimama pale kidogo. Alijua, dada. Naamini alijua tangu Calist anaondoka. Wala sidhani kwamba ana nia mbaya, maana naye atakuwa ndani ya ndege hiyo hiyo. Anaamini kwamba kilichonyooka kimepona, kama anavyoamini kwamba ilikuwa korongo. Akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia: wewe ndiye msomi wetu, hebu sema mbele ya mama yako, propela hii inafaa au haifai?

Nikasema inafaa, baba.

Wanakwaya wakapiga vigelegele. Mama akanikumbatia, akasema Mungu ampe nini tena. Tangu saa hiyo nimejiuliza ningesema nini kingine, na kila nikipanga maneno naona uso wa Mama ukibadilika, naona Baba Mkubwa akiaibika mbele ya watu aliowalisha, naona na wewe ukiulizwa umemlea mdogo wako vipi. Nilifikiria kuwaandikia wakubwa wa usafiri wa anga. Nikaandika, nikachana. Wakija watamfunga baba yetu mkubwa, na mimi ndiye niliyesema inafaa.

Jumatatu Calist alianza kuifunga. Alipokwenda kula, boliti za propela zilikuwa juu ya turubai, zimepangwa. Nikazitia kwenye mfuko wa karatasi, nikaenda stendi kama mtu anayekwenda benki. Simu niliiacha kwenye droo ya ofisi. Kwa hiyo mdogo wako sasa ni mwizi, na yuko Mgori kwa shangazi Felista. Shangazi nimemwambia kwamba nina likizo na daktari kanishauri nikae mbali na vumbi la kinu. Hajui lolote, nawe usimjulishe.

Nilidhani nimeizuia ndege. Kwa siku moja nilikula. Jana Mama alimpigia shangazi, nami nikiwa nimekaa karibu namenya viazi. Alikuwa anacheka. Alisema boliti zimepotea na Baba Mkubwa alichukia sana, lakini Calist amesema hakuna taabu, amepata za trekta zinazolingana kabisa, na safari iko palepale. Akasema mimi sionekani, bila shaka nimekimbia kazi kwa sababu ya msichana, na akifika kwako mtanicheka wote wawili.

Boliti za trekta, dada. Fundi Gaspari aliniambia boliti za propela hukazwa kwa kipimo, zinatengenezwa kwa kazi hiyo tu. Nilitaka kumwokoa Mama, na sasa anapanda kitu kibaya kuliko kile cha kwanza, na safari hii mikono yangu ndiyo imekifanya hivyo. Nikirudi na boliti, nimeirudisha propela yenye ufa. Nisiporudi, inafungwa na vyuma vya shambani. Sijui nifanye nini. Nimejaribu kuwaza kama mtu aliyesoma na sioni.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Mimi Mama hanisikii kwa sababu ananiona mwoga, wewe anakusikia kwa sababu umezaa. Mpigie leo hii. Mwambie mtoto ana homa na unamtaka mama yako, asingoje Jumapili, apande basi kesho alfajiri. Mungu atatusamehe uongo huo. Bibi akiitwa kwa mjukuu mgonjwa hangoji ndege. Akishafika kwako, mshike hapo, hata kwa kumfungia kitenge chake kabatini. Baba Mkubwa atabaki. Yeye akiamua kuruka peke yake sina dawa, na hilo nalo linanikaba, kwa kuwa nampenda. Labda ndege ikikosa abiria hamu itapungua. Labda wewe utakuwa na neno la kumwambia ambalo mimi sina. Ukiona ni lazima wakubwa wa anga waambiwe, waambie wewe. Nitakubali lolote, hata nikitakiwa kusimama na kusema nilichokigusa kwa kiganja changu.

Mpe mtoto busu kwenye paji la uso. Msalimie shemeji Benjamin kwa salamu za kawaida tu. Nisamehe kwa kukuletea mzigo huu ukiwa bado unanyonyesha.

Ukitaka kunipata usipige namba yangu, simu iko kwenye droo na sijui nani anaipokea. Usipige kwa shangazi, maana huweka sauti ya nje nyumba nzima isikie. Aliyekuletea barua hii ni Witness, anayepeleka asali ya Mgori huko kwenu, hajui kilichomo. Atalala siku mbili Manyoni kwa dada yake, nyuma ya soko, na anarudi Ijumaa kwa basi la kwanza. Mpe jibu mkononi mwake, limefungwa, bila jina langu juu. Kama Mama yuko kwako, andika tu kwamba amefika, nami nitalala. Kama amekataa, usiandike. Panda basi na Witness, mshuke pale njia ya msituni inapoachana na barabara, uulize nyumba ya Felista mwenye mizinga. Nitakuwa nimekaa nje, upande wa barabara, na mfuko wa boliti mapajani, tuondoke pamoja kwenda Singida kabla ya Jumapili. Peke yangu siwezi, dada.

Mdogo wako akupendaye,
Antipasi