Waliokuwa Chini ya Ndege

Kipkelion,
14 Agosti 1994

Kwa ndugu yangu Kipkirui,

Najua umengoja barua yangu tangu Pasaka mpaka ukachoka, ukasema labda Dorcus amesahau kwamba ana ndugu. Nisamehe kwa kukawia. Sikusahau. Mara nilishika kalamu mtoto akalia, mara nilishika kalamu hasira ikanipanda nikaiweka chini, maana niliogopa nitakuandikia matusi. Sasa imepoa kidogo, ndiyo naandika. U mzima huko kambi ya jeshi Nanyuki? Kifua chako na baridi ya mlima vinaelewana? Sisi tu wazima. Mtoto mdogo ameota meno na ananyonya kama anayetaka kunimaliza. Baba watoto bado yuko kwa kibarua cha chai Kericho, huja mwisho wa mwezi, hulala, hurudi. Mama anakusalimu, na yule ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa ndama jike.

Zile karatasi ulizomwandikia binti yangu Chepkurui kuhusu historia ya ndege za vita zilifika zote. Kwa hizo nakushukuru, unajua kueleza. Nilikuwa namsomea jikoni huku nikisonga ugali, na Jennifer, binti wa jirani yetu Wakonyo, alikuwa akipenya miiba ya ua wa kaiyaba kuja kusikiliza. Walikalia gunia moja. Wakajua kwamba kabla ya ndege, askari walipanda puto kubwa lililofungwa kamba ili wamchungulie adui kama mtu anayechungulia boma la jirani. Wakajua ile ndege ya kwanza ya injini ilitengenezwa na mafundi wawili wa baiskeli, kwa mbao na kitambaa tu, nami nikawaonyesha kwa vijiti na nepi ya mtoto wakaelewa. Uliposema kwamba mwanzoni mwa vita vya kwanza vya dunia marubani walitumwa kuangalia tu, na wakikutana juu wengine walipungiana mikono, mpaka mmoja akabeba tofali na mwingine bastola, walicheka wakaanguka. Ile ya bunduki iliyofungwa kwa injini ili risasi ipite katikati ya propela bila kuivunja ilinishinda. Ikabidi nizungushe mwiko, Chepkurui naye arushe punje za mahindi, na punje zote zikagonga mwiko.

Kisha tukafika kwa ndege za chuma za vita vya pili, zile zilizobeba mabomu. Jennifer akauliza, wale waliokuwa chini ya hizo ndege walikuwa akina nani. Nilitafuta kwenye karatasi zako. Umeandika urefu wa mabawa, umeandika injini, umeandika hata koti la rubani lilikuwa la ngozi gani. Waliokuwa chini hukuwaandika. Nilimwambia tule kwanza.

Na chini ya kila karatasi umetia sahihi, mjomba wako rubani. Picha yako tuliitundika ukutani, umekaa ndani ya ndege na kofia kichwani. Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Mwezi wa sita tulipata mvua ya mawe. Ilipita kama mtu aliyefagia ukanda mmoja: chai ya Wakonyo ikabaki vijiti vitupu, na yetu upande huu wa kaiyaba haikuguswa jani. Wewe umezaliwa hapa, unajua mawe ndivyo yalivyo. Lakini unajua pia wazee wanavyosimulia ile ndege ya zamani iliyokuwa ikipanda juu ya mashamba makubwa kutia mawingu dawa ili mawe yasianguke kwenye chai. Chepkurui amesikia hiyo kwa Mama. Na kweli asubuhi ya siku hiyo ndege fulani ilipita, sijui ya nani. Mtoto akaunganisha. Akaenda shuleni akasema ni mjomba wake aliyepita juu ya wingu na kulisukuma, mawe yakaangukia upande wa pili. Yeye alikuwa anajivuna tu. Watu wazima ndio walioamini.

Siku iliyofuata, kwenye kituo cha kuuzia majani chai, nilipomwaga yangu mezani nichambue, Wakonyo, aliyekuja kwa mbolea tu, alisema bila kunitazama kwamba mwaka ule wa vita vya makabila sisi tulitaka kuwatoa wao hapa kwa moto, sasa tumepata barafu. Akasema mimi sina haja ya kupigania mbolea na wengine, nina jeshi. Watu wakacheka kile kicheko kibaya. Mwanamke ambaye husaidiana nami kuinua vikapu alisogeza chake mbali. Jennifer akakatazwa kuvuka ua. Chepkurui akarudi kutoka shuleni mdomo umevimba na kola iliyong'olewa mkononi, na sikuuliza ni nani, kwa sababu nilijua angenitajia darasa zima.

Hayo ningeyavumilia. Walionitisha ni vijana wa kabila letu wenyewe. Walikuja kwangu kwa heshima zote, wakaniita mama Chepkurui, wakanywa maziwa yangu ya mursik wakayasifu. Wakasema ndugu yangu ni mwanamume kweli. Wakauliza ndege itarudi lini, ili siku hiyo nao waingie kwa Wakonyo kwa miguu wamalize ilichoanza, maana kama jeshi liko nasi huko juu, nani atawashika hapa chini. Niliweka kibuyu chini. Niliwaambia sijui habari za ndege. Wakacheka, wakasema mke wa mtu lazima afiche siri za kwao.

Kipkirui, mgongo huu ulikubeba kabla haujabeba watoto wangu, kwa hiyo sikuzungushi. Krismasi ulipokuja likizo uliniambia mwenyewe, ukitazama chai yako, kwamba hujawahi kurusha ndege hata siku moja. Unaosha sakafu ya banda la ndege na kufuta mafuta yaliyomwagika, na ile picha ulipigwa na rafiki siku ndege hiyo ilikuwa imetolewa injini. Ukanisihi ninyamaze mpaka koito yako ipite, wazee wakubaliane ng'ombe wa mahari, kwa sababu mzee Kipkemoi wa Litein amekubali kukuoza binti yake akijua anampa rubani. Nikanyamaza.

Alhamisi iliyopita nilisema. Karani alikuwa bado anatundika mizani, nikasimama mbele ya meza na mtoto mgongoni, nikawaambia wote kwamba ndugu yangu haoni mawingu, anaona sakafu. Nikasema kazi yake ni ndoo na tambara, na kama kuna mtu anangoja ndege yake, atangoja mpaka azeeke. Nilikuwa namtazama yule kijana aliyenisifia mursik, mpaka akaanza kukagua viatu vyake. Mwingine akauliza kama ndoo yako pia ina mabawa. Kituo kizima kikacheka. Niliwaacha wacheke, nilitaka wakucheke.

Elmina, dada yake mzee Kipkemoi, yule aliyeolewa huku kwetu, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na kikapu chake. Nilimwona kabla sijafungua mdomo. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, usije ukaambiwa niliteleza. Nilimwona, na nikasema. Kwa sasa Litein wote wanajua.

Kasirika, una haki. Kuosha sakafu si aibu, mimi naosha ya kwangu kila siku na sijajiita rubani. Kama huyo msichana anakutaka, atakutaka na ndoo yako. Lakini jina ulilojivika ili upate mke lilikuwa linatafutiwa panga, na wa kwanza kukatwa angekuwa mtoto aliyekaa jikoni kwangu kusikiliza karatasi zako.

Wakonyo hajanisalimia mpaka leo. Siku hiyo alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kikapu chake kitupu, akaenda. Vijana hawajarudi. Jana Jennifer alisimama upande wao wa kaiyaba akauliza kama karatasi bado zipo. Chepkurui akamsomea akiwa upande huu, kwa sauti ya kupaza, tangu puto mpaka tofali. Wakonyo alikuwa anapalilia pale pale. Hakumwita mtoto wake arudi.

Mama anasema uvae sweta mbili. Wasalimie unaofanya nao kazi, na ukipata likizo uje, mlango haujafungwa, ila utaanza kwa kupita kwa Wakonyo kabla ya kuingia kwangu. Nguvu zimeniisha, nimalizie na vitu ambavyo bado nahitaji unitumie. Gamubuti za Chepkurui, zimzidi kidogo ili zikae. Dawa ya kifua ya Mama, ile ya chupa ya kahawia. Sweta ya mtoto, rangi yoyote. Barua fupi kwa mwandiko wako mwenyewe, inayosema kazi yako, ili karani aisome kituoni. Picha yako ukiwa na ndoo, maana ile nyingine nimeitoa na msumari bado upo. Na karatasi zinazoanzia pale Jennifer alipouliza, juu ya wale waliokuwa chini. Hizo uziandike mara mbili, moja ya upande huu wa ua na moja ya upande ule.

Ni mimi dada yako,
Dorcus