Jiko la Mkaa Libaki Nje

Baba Tessa,

Nimekwenda kwenye kikao cha tume ya umeme ya jimbo. Dhoruba ya barafu inaingia jioni. Fungua mabomba yote kidogo, maji yadondoke, yasije yakaganda na kuyapasua. Mashine ya oksijeni ya Bibi ikizimika, mtungi uko nyuma ya mlango. Tamale, zile za unga wa mahindi na nyama, zipasheni mapema.

Asubuhi ulinicheka: "Tume imesema umeme haukatiki na bei haipandi, sasa wewe unakwenda kulia nini?" Hata mwaka ule wa dhoruba walisema hivyohivyo. ~~Usinisubiri.~~ Nisubiri.

Umeme ukikatika, jiko la mkaa libaki nje, hata Tessa akitetemeka. Mwaka ule kaka Lonnie aliliingiza lake ndani ili watoto wapate joto. Nilipofika, sebule ilikuwa bado na joto. Niliwaita mmoja mmoja, hakuna aliyeitika.

Leo nakwenda kuwaita tena kwa majina, tume isikie.

Mama Tessa