Njia ya Baiskeli Mteremkoni Lugoba

Jumatatu, 1 Juni 1953

Kutoka Chalinze mpaka Lugoba hakuna wa kunishinda baiskeli, mimi Salumu. Hata upepo ukiniona hunipa shikamoo! Darasa la nne nililiacha mwenyewe — mwalimu alikuwa hana jipya la kunipa.

Leo lori la mkonge limemkwangua Mzee Mbaruku pale mteremkoni, kwenye kona. Mzee mzima, kaingia mtaroni na baiskeli yake, kuku wake wametorokea porini. Dereva hata hakusimama! Baada ya alasiri nikatangaza msikitini: tuchonge njia ya baiskeli pembeni, mbali na malori. Wazee wakacheka. Shemeji Muhidini peke yake akauliza: lini?

Alhamisi, 4 Juni

Tunachonga. Saumu kali, mate yamekauka, maneno yangu bado. Jembe analo shemeji — mimi nasimamia!

Huyu mume wa dada yangu ni mwoga ajabu. Mteremko ule hushuka kwa miguu, baiskeli kaishika kama anapeleka mbuzi mnadani. Nikamwambia dada kaolewa na kobe. Shemeji akajibu: na kobe kila magharibi anafuturu na mkewe, je wewe? Dada Ashatu akacheka mpaka akakaa chini. Ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Akicheka vile, mimi tajiri.

Jumatano, 10 Juni

Imekwisha! Mawe ya kona tumeyapaka chokaa, madereva wayaone hata jioni. Chini kabisa tumemwaga mchanga — atakayeshindwa kusimama aangukie pa laini. La mchanga ni wazo la shemeji. Nimesema ni langu.

Dada kanishonea kitambaa cheupe cha mgongoni, malori yanione. Akanifunga mwenyewe, akakaza fundo, akalikaza tena, kama ananipeleka jandoni.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeipaka baiskeli mafuta ya nazi, yale ya dada ya nywele. Chupa nzima! Inang'aa kuanzia usukani mpaka rimu. Wasichana wa Lugoba, Mungu awape subira.

Mwezi umeonekana! Kesho Idi!

Jumamosi, 13 Juni

Idi gani hii.

Baada ya swala shemeji alitaka kwenda kumpa mama yake mkono wa Idi. Baiskeli yake ina pancha. Nikampa yangu. Nikamtania mbele za watu: leo kobe atapanda, au atakokota? Watu wakaangua kicheko. Akapanda.

Nilimwona akibana breki. Hazikushika. Lori linapanda, linakuja! Akakata kona akaingia njia yetu, akayapita mawe, mpaka mchangani — puu!

Mguu wa kulia umevunjika.

Jumapili, 14 Juni

Mzee Mbaruku kaja kumjulia hali mgonjwa. Akanishika kichwa: bila njia yako, mwanangu, leo tungekuwa matangani. Kila mtu ananisifu! Dada kaniwekea nyama iliyonona. Nimempelekea shemeji.

Mpunga wa shemeji umeiva, ndege wanaumaliza. Mganga wa mifupa kamfunga vijiti, anasema huenda akachechemea maisha. Nimeapa kuuvuna wote mimi.

Tulipobaki wawili nikamwuliza ilikuwaje.

"Nimewaambia ni jiwe," akasema. "Lakini shemeji, mteremko mzima nasikia harufu ya nywele za dada yako. Nikasema basi, nimeshakufa, niko peponi."

Akacheka. Kisha akauma shuka kwa maumivu.

Sasa mganga anataka mafuta ya nazi amkande. Dada anapekua jikoni.

"Salumu! Chupa yangu hujaiona, mdogo wangu?"

Ninayo hapa miguuni. Tupu. Hatua zake zinakuja huku — nimwambie nini? Hapakuwa na jiwe. Nilipaka mpaka rimu, breki zikateleza. Ni mimi.