Nkuku Amemaliza Uwanja

Francistown,
3 Oktoba

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umekaa na chai yako, mzima wa mwili, na ng'ombe wamevuka kiangazi bila hasara kubwa. Mama Mdogo aliniambia kifua chako kimetulia, nilifurahi mno. Mimi ni mzima, cherehani yangu nzima, na sare za shule zimenijaa hadi kitandani.

Kilichonishikisha kalamu ni mbwa. Najua utacheka. Mwezi wa nne nilimchukua mbwa jike kutoka makazi ya mbwa waliotupwa, kule nyuma ya reli. Ana miaka kumi na miwili, hasikii, magoti yamekakamaa, na moyo wake umechoka hata akitembea kidogo anakohoa kama mvuta tumbaku. Wafanyakazi wa pale walimpa jina Nkuku, yaani bibi. Alikaa kwao miaka miwili. Watu wakija wanachagua vitoto, yeye wanampita.

Jirani yangu, Mma Seabe, aliponiona namshusha garini alishika kiuno. "Kelesego! Wenzako wanaleta wajukuu nyumbani, wewe unaleta bibi?" Nikamjibu kwamba bibi huyu angalau hatanisema mtaani. Daktari wa mifugo, Rra Tlhabano, yeye hakuwa na utani. Alinieleza waziwazi kuwa huenda mbwa asimalize majira ya baridi, nisije nikasema sikuambiwa.

Basi nilijifunza, Baba. Vidonge ni asubuhi na jioni. Nilivificha ndani ya ini, akawa anakula ini na kunitemea kidonge miguuni. Nikajaribu uji wa mtama, hapo nikamshinda. Kwa kuwa hasikii, namwita kwa kupiga sakafu kwa kisigino, naye hugeuka. Akilala nahesabu pumzi zake. Zikizidi thelathini kwa dakika, tunakwenda kwa daktari. Mma Seabe sasa humletea makombo ya nyama, ila ukimuuliza atakwambia yalikuwa ya kutupwa.

Baridi ikaisha, Nkuku yupo. Jumamosi iliyopita makazi yale yaliandaa matembezi, mbwa wote waliopata nyumba wazunguke uwanja wa shule mara moja. Wenzetu walimaliza wakaenda kula. Sisi hata nusu hatujafika. Nkuku anapiga hatua kumi, anakaa, anakohoa, ananitazama, anasimama tena. Bwana mmoja wa maandalizi akaanza kukunja kamba ya kumalizia. Nilipaza sauti: "Rra, iache hiyo kamba! Bado kuna mtu uwanjani!"

"Mtu yupi, mma? Mimi naona mbwa!"

"Basi mngoje mbwa!"

Watu walicheka, wakarudi na sahani zao mikononi kutungoja. Nkuku alipovuka kamba, Rra Tlhabano alipiga makofi hadi miwani ikamdondoka. Baba, sijawahi kujivuna namna ile, hata siku nilipofungua duka.

Ila walipoanza kunisifu, kwamba nina moyo wa pekee, nilitamani ardhi inimeze. Kuna jambo nimekuficha miaka tisa.

Mbwa wako Phiri hakuruka ua kama nilivyokuambia. Ulipolazwa hospitali ukaniachia nimtunze, alikulilia mchana kutwa, nami nikachoka naye. Nilimpeleka makazi yale yale, nikaandika kwamba ni mbwa asiye na mwenyewe. Hata jina lake sikuwaambia. Kisha ukatoka na magongo yako, ukashinda wiki nzima unapiga mluzi kando ya reli, mimi nakutazama dirishani na kunyamaza.

Mwezi wa nne nilikwenda kuuliza habari zake. Ndiko nilikomkuta Nkuku. Daftari lao lilionyesha kuwa Phiri alichukuliwa na mfugaji wa mbuzi karibu na Tonota. Nilimfuata. Mkewe alinipokea vizuri, akanionyesha Phiri alipozikwa, kando ya zizi. Aliishi nao miaka minne, akila vizuri, akilinda mbuzi. Alisema walijaribu kumpa majina matatu, hakuitikia hata moja, mwishowe wakawa wanamwita "wewe". Nikamwambia aliitwa Phiri. Alilirudia polepole, akilitazama kaburi.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Mwisho wa mwezi nitakuja na Nkuku, nikuambie haya mbele yako. Nisalimie Mama Mdogo na wote wa zizini. Ukiona sistahili kuingia uani kwako, nitasimama nje, sitalalamika. Lakini yeye mfungulie, Baba. Hawezi kusimama juani.

Ni mimi mwanao,
Kelesego